Sekunde 43 zilizozaa saa 24: uchambuzi wa hitilafu ya hifadhidata za GitHub, Oktoba 2018

Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 22 Oktoba 2018, saa 7:52 kwa saa za Afrika Mashariki, GitHub, jukwaa ambalo watengenezaji wa programu huhifadhia na kushirikiana msimbo wao, walikuwa wanabadilisha kifaa cha faiba cha gigabiti 100 kilichoanza kuchoka. Ilikuwa kazi ya ukarabati ya kawaida, ya aina inayopangwa wiki kadhaa kabla na kusahaulika kesho yake. Katikati ya kazi hiyo, mawasiliano kati ya kitovu chao cha mtandao cha pwani ya mashariki ya Marekani na kituo chao kikuu cha data cha pwani hiyo hiyo yalikatika. Baada ya sekunde 43 yalirudi.

Huduma yenyewe ilirudi katika hali yake saa 8:03 usiku wa kuamkia Jumanne. Saa 24 na dakika 11.

(Saa zote humu nimezigeuza kuwa za kwetu. Huko Marekani ilikuwa bado Jumapili jioni, na kwa hiyo sehemu mbaya zaidi ya hitilafu iliangukia siku ya kazi ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala.)

Wengi wanapokisimulia kisa hiki huanza na faiba na kuishia hapo. Mimi faiba hainishughulishi sana, maana nyaya hukatika kila siku. Kinachonishughulisha ni kwamba usiku ule hakuna diski iliyokufa, hakuna seva iliyoungua, wala hakuna programu iliyokwenda kinyume na ilivyopangwa. Kila kipande kilitii maagizo. Tatizo lilikuwa katika swali ambalo wengi wetu huliacha kwa mtu wa mtandao: ni nani mwenye mamlaka ya kuiambia programu "kuanzia sasa andika kule", na je, anajua kule ni umbali gani?

Mpangilio ulivyokuwa

Hifadhi za msimbo, yaani repo zenyewe za Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo), GitHub huziweka mahali pake. Mengine yote yanayozunguka repo, kama vile maoni, taarifa za hitilafu, maombi ya kuunganisha msimbo, arifa, uthibitishaji wa watumiaji na kazi za nyuma ya pazia, yalikaa kwenye MySQL, programu ya hifadhidata. Hayakukaa kwenye hifadhidata moja. Yaligawanywa kwa kazi katika klasta kadhaa, yaani makundi ya seva zinazofanya kazi pamoja, ndogo zikiwa na mamia ya gigabaiti na kubwa zikikaribia terabaiti tano. Kila klasta ilikuwa na seva kuu moja inayopokea data mpya, na nyuma yake nakala, wakati mwingine makumi, zinazoifuata seva kuu na kujibu maswali ya kusoma.

Sasa programu inajuaje seva kuu ni ipi? Hapa GitHub walikuwa wamefanya kazi nzuri kweli, na Juni mwaka huo huo walikuwa wameieleza hadharani. Zamani walitumia anwani ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao) inayohamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine, pamoja na DNS, mfumo unaogeuza majina kuwa anwani hizo. Anwani ya kuhamishwa ina kasoro mbili: seva ya zamani inabidi ikubali kuiachia, na seva iliyochanganyikiwa mara nyingi haikubali, tena anwani hiyo haivuki kutoka kituo kimoja cha data kwenda kingine. DNS nayo hukumbukwa na kila kompyuta kwa muda wake yenyewe, kwa hiyo ukibadilisha jina leo, wengine watakusikia baadaye.

Mpangilio mpya uliondoa yote hayo. Programu inaomba jina moja tu, mfano "mwandishi wa klasta ya kwanza". Jina hilo linaelekeza kwenye anwani ileile popote ulipo, na mtandao wenyewe unakupeleka kwenye kigawa mzigo kilicho karibu nawe. Nyuma ya kigawa mzigo kuna HAProxy, programu inayopokea miunganisho na kuipitisha kwa seva husika, yenye mlango mmoja tu wa kuandikia, na mlango huo unaelekea kwa seva kuu ya wakati huo. Jina la seva kuu hutunzwa kwenye Consul, programu ya kutunza taarifa kama hizo za mfumo, na kila kituo cha data kina Consul yake. Likibadilika humo, faili la mipangilio la HAProxy linaandikwa upya, HAProxy inajipakia upya, na miunganisho ya zamani inapewa muda mfupi kisha inakatwa ili asibaki mtu anayeongea na mkuu aliyestaafishwa.

Anayebadilisha jina kwenye Consul ni programu iitwayo Orchestrator. Kazi yake ni kuzichungulia klasta muda wote, kujua nani anamfuata nani, na seva kuu ikipotea kuchagua nakala inayofaa, kuipandisha cheo na kuzipanga nyingine nyuma yake. Shughuli nzima, tangu seva kuu kufa hadi programu kuandika kwa mpya, ilichukua kati ya sekunde 10 na 13 kwa kawaida, 20 mara chache, na 25 mambo yakiwa mabaya kabisa.

Ziweke namba hizo karibu na 43 uone. Ukatikaji wa sekunde tano huenda ungepita bila mtu kuamka. Sekunde 43 ziliutosha mfumo kuamua, kutekeleza na kumaliza, kabla ya binadamu yeyote kuona kengele ya kwanza.

Akidi iliyokamilika mahali pengine

Orchestrator haikukaa sehemu moja, maana ingekaa sehemu moja ingekuwa yenyewe ndiyo pa kuogopea. Ilikuwa na nodi kwenye kituo kikuu cha mashariki, nyingine kwenye kituo cha data cha pwani ya magharibi, na nyingine kwenye wingu la umma la upande wa mashariki. Nodi hizo hukubaliana kwa utaratibu wa Raft: zinamchagua kiongozi, na uamuzi ni halali pale tu akidi, yaani zaidi ya nusu ya nodi, inapotimia.

Mawasiliano yalipokatika, kiongozi aliyekuwa kituo kikuu cha mashariki alijikuta peke yake. Nodi za magharibi na za wingu zilionana vizuri. Zilikuwa wengi, akidi ikatimia, zikajichagulia uongozi. Kisha zikatazama klasta. Seva kuu nyingi hazionekani. Nakala za magharibi ziko hai na zinajibu. Hitimisho kwa mujibu wa kanuni lilikuwa moja tu, nazo zikazipandisha cheo seva za magharibi, klasta baada ya klasta, na kuandika majina mapya.

Ndani ya kituo kilichotengwa, wakati huo huo, seva kuu za zamani zilikuwa hazijui kwamba zimeng'olewa. Zilikuwa nzima, na ziliendelea kupokea data. Hata ule ulinzi wa MySQL wa nusu-usawazisho, unaoilazimu seva kuu kungoja angalau nakala moja ithibitishe kupokea kabla ya kuiambia programu "nimehifadhi", haukusaidia. Nakala zilizothibitisha zilikuwa chumba kilekile. Kwa sheria za ndani, kila kilichoandikwa kilikuwa salama. Ila magharibi hakikufika.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, tunajua. Hapa kila fahali alikuwa na zizi lake, na ndiyo maana hapakusikika vurugu yoyote kwa sekunde 43.

Jambo linalonifanya nikirudie kisa hiki ni kwamba udhaifu huu haukuwa siri. Katika maelezo yale ya Juni 2018, miezi minne kabla, wahandisi wa GitHub waliorodhesha mipaka ya mpangilio wao, na mmojawapo ulikuwa huu: kituo cha data kikitengwa na seva kuu ikiwa ndani yake, programu zilizomo humo zitaendelea kuiandikia, na mtandao ukirudi data zitakuwa zimepishana. Walisema wanatengeneza njia ya kuizima seva kuu kutoka ndani ya kituo kilichotengwa, na wakakiri kwamba kuzuia hali hiyo kabisa kuna gharama kubwa sana ya uendeshaji. Wengine wanaweza kuwalaumu kwamba walijua wakaacha. Mimi naona walifanya hesabu ambayo kila mtu mwenye vituo viwili huifanya, wengi bila kuiandika: tukio ni adimu, kinga ni ghali, tusonge. Walichokosea kupima ni gharama ya upande wa pili, yaani kazi ya kurudi nyumbani baada ya tukio.

Mifumo mingine hupanga tofauti. Galera, kwa mfano, ambayo ni njia nyingine ya kuendesha klasta za MySQL, nodi zikijikuta upande wa wachache hukataa maswali zenyewe. Patroni, inayosimamia klasta za hifadhidata ya PostgreSQL, huipa seva kuu kitu kama kibali chenye muda; ikishindwa kukihuisha inajishusha cheo bila kuambiwa. Kwa njia hizo kituo kilichotengwa kingeacha kuandika. Lakini hata huko swali la umbali lingebaki palepale, na ndilo lililoifanya siku ile ya GitHub iwe ndefu.

Kwa nini hawakurudisha tu?

Kengele zilianza kulia saa 7:54. Saa 8:02 wahandisi wa zamu walikuwa wameshatambua kwamba klasta nyingi ziko katika mpangilio usiotarajiwa. Waliiomba Orchestrator picha ya mpangilio, ikawaonyesha seva za magharibi peke yake. Mashariki haikuwapo kabisa, kana kwamba haikuwahi kujengwa. Saa 8:07 wakafunga zana za kupandisha matoleo mapya ya programu ili mtu asiongeze kitu juu ya kitu. Saa 8:13 hali ilikuwa imetangazwa nyekundu, na watu wa hifadhidata wakaitwa.

Mtu wa nje anaweza kuuliza: si mtandao umerudi? Wapandisheni cheo tena wa mashariki, kazi iishe. Ugumu ni kwamba mtandao uliporudi, programu za mashariki zilifuata jina jipya mara moja na kuanza kuandika magharibi, kama zilivyofundishwa. Hadi wahandisi wanalielewa tatizo, magharibi ilikuwa imepokea data kwa karibu dakika 40. Mashariki nayo ilikuwa na sekunde kadhaa za data ambazo magharibi haikuzijua. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake hana.

Data zilizopishana hivyo haziunganishwi kwa kubofya. Chukua jedwali la maoni ambalo kila mstari unapewa namba inayofuata. Mashariki imempa mtu mmoja namba fulani, magharibi imempa mwingine namba hiyo hiyo kwa maoni mengine kwenye mradi mwingine. Ukiilazimisha seva moja iifuate nyingine, ama itagoma na kusimama, ama mbaya zaidi itafuta cha mmoja kimyakimya. Na namba hiyo pengine imeshatajwa kwenye majedwali mengine na kwenye barua pepe zilizokwishatumwa kwa watu.

Walikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kurudi mashariki na kutupa dakika 40 za kazi za watu. Ya pili, kubaki magharibi moja kwa moja na kuzishughulikia zile sekunde chache za mashariki baadaye kwa mikono. Ya tatu, kuendelea kuandika magharibi huku wakizijenga upya seva za mashariki kutoka kwenye bakapu, kuzifanya zifuate magharibi hadi ziifikie, ndipo warudi.

Njia ya pili inavutia hadi ukumbuke programu yenyewe iko wapi. Seva za programu zilikuwa mashariki. Kati ya pwani mbili za Marekani kuna takriban kilomita 4,000, na mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 40 hata kama njia ingenyooka kama rula, na njia halisi hainyooki. Ukurasa mmoja unaouliza hifadhidata mara 50, swali moja baada ya jingine, ukiwa jirani na hifadhidata unamaliza kwa sehemu ndogo ya sekunde. Peleka hifadhidata pwani ya pili na ukurasa uleule unakula sekunde mbili au tatu kwa kusafiri tu, kabla ya kazi yoyote kufanyika. Programu ya GitHub haikujengwa kuvumilia hilo, na wao wenyewe walisema hivyo.

Hapa ndipo naona kiini cha kisa. Uzuri wote wa ule mpangilio wa majina ulikuwa kwamba programu haijui wala haijali seva kuu iko wapi. Kwa seva ya jirani kwenye chumba kimoja, kutojali huko ni baraka. Kwa seva iliyo bara zima mbali, hakuna aliyebaki mwenye uwezo wa kusema "huko siwezi kufanya kazi". Orchestrator ilijua nani yuko hai. Consul ilijua jina. HAProxy ilijua mlango. Umbali haukuwa kwenye daftari la yeyote kati yao, na klasta iliyohamia magharibi ilihesabiwa kuwa imepona.

Wakachagua njia ya tatu. Saa 8:19 walikuwa wamechukua hatua nyingine ngumu: kusimamisha kazi zinazoandika taarifa za misukumo ya msimbo, kuzuia kutuma webhuku (ishara ambazo GitHub hutuma kwa mifumo mingine kitu kinapotokea kwenye repo), na kusimamisha ujenzi wa tovuti za GitHub Pages, huduma yao ya kuchapisha tovuti kutoka kwenye repo. Huduma ilivunjwa kwa makusudi ili data isizidi kupishana. Walisema wazi kwamba uzima wa data unatangulia urahisi wa kutumia tovuti na unatangulia hata kasi ya kupona. Nakubaliana nao bila kusita. Aliyechelewa kufungua ukurasa anajua amechelewa. Aliyepotezewa maoni yake hajui hata cha kulalamikia.

Bakapu zilikuwepo, na bado

Mpango ulianza kuandaliwa saa 9:05 usiku, na saa 9:41 urejeshaji kutoka kwenye bakapu ulikuwa umeanza kwa klasta zote zilizoathirika.

Bakapu za GitHub zilikuwa za kuonewa wivu. Zilichukuliwa kila baada ya saa nne, zikatunzwa kwa miaka, na utaratibu wa kuzirejesha ulijaribiwa angalau mara moja kila siku. Lakini zilikaa mbali, kwenye hifadhi ya wingu la umma. Kuvuta terabaiti kadhaa, kuzifungua, kuhakiki kwamba hazijaharibika njiani, kuziandaa na kuzipakia kwenye seva mpya za MySQL, hayo ni masaa, na sehemu kubwa ya muda ilikwenda kwenye usafirishaji. Kabla ya siku hiyo hawakuwahi kulazimika kuijenga klasta nzima upya kutoka kwenye bakapu. Kwa ajali ndogondogo walitegemea njia nyingine, kama nakala zinazocheleweshwa kwa makusudi. Jaribio la kila siku lilithibitisha kwamba bakapu inarudi. Halikuwaambia itachukua muda gani kila kitu kikirudi kwa pamoja, na hicho ndicho kipimo ambacho ningeomba kuonyeshwa kwanza kama mfumo ungekuwa wangu.

Saa 3:51 asubuhi klasta kadhaa zilikuwa zimeshajengwa mashariki na zinaifuata magharibi. Makadirio yakatolewa: kama saa mbili hivi.

Saa 4:46 asubuhi GitHub wakachapisha maelezo ya kwanza marefu kwa umma. Yalichelewa kwa sababu ambayo ingechekesha siku nyingine: walikuwa wakichapisha matangazo yao kwa kutumia GitHub Pages, na Pages walikuwa wameizima wenyewe.

Kwa aliyekuwa kazini Afrika Mashariki asubuhi hiyo, dalili zilikuwa za kutatanisha. Kusukuma msimbo kwa Git kulikubali, maana repo hazikuguswa. Lakini webhuku hazikutoka, kwa hiyo mifumo inayongoja ishara ya GitHub ili ijaribu au ipandishe programu ilikaa kimya. Msimbo umefika, na hakuna kinachotokea. Mtu angeweza kumaliza asubuhi nzima akichunguza mipangilio yake mwenyewe.

Mchana: kuandika kumepona, kusoma bado

Saa 8:12 mchana seva kuu zote zilikuwa zimerudi mashariki. Tovuti ikachangamka, kwani kuandika hakuvuki tena bara. Ungedhani yameisha.

Yaliyobaki yalikuwa upande wa kusoma. Makumi ya nakala zilikuwa nyuma kwa masaa kadhaa. Miunganisho ya kusoma haiendi kwa seva kuu; inagawiwa kwa nakala zilizopo, leo hii, kesho ile. Nakala moja imefika saa 7 mchana, jirani yake bado iko saa 4 asubuhi. Unaandika maoni, unayaona. Unafungua ukurasa upya, ombi lako linaangukia nakala nyingine, maoni hayapo. Unafungua tena, yamerudi. Data imehifadhiwa salama kabisa, na mtumiaji anaapa imepotea. Kwa maoni yangu, kwa mtu wa kawaida hiki kilikuwa kipindi kibaya kuliko saa zile ambazo tovuti ilikuwa nzito tu.

Makadirio nayo yakaanza kuteleza. Yale ya mwanzo yalichukulia kwamba nakala zitapunguza deni kwa mwendo mmoja: zimelipa nusu kwa saa moja, zitamaliza nusu iliyobaki kwa saa nyingine. Deni la nakala halilipwi hivyo. Kadiri siku inavyopanda, data mpya zinaongezeka na maswali ya kusoma yanaongezeka, na nakala ileile inatakiwa ijibu watu huku inafukuzana na seva kuu. Mkunjo wake huanza kwa kushuka haraka, kisha unajikokota. Ulaya ilikuwa kazini, Marekani inaamka. Saa 10:15 alasiri, kilele cha matumizi kikikaribia, ucheleweshaji ulikuwa unaongezeka badala ya kupungua.

Walichofanya ni kuongeza nakala nyingine za kusoma kwenye wingu la umma la mashariki, mzigo ugawanyike kwa wengi, kila nakala ipate nafasi ya kufukuzia deni lake. Ni hatua sahihi. Saa 1:24 usiku nakala zote zilikuwa sawa na mpangilio wa awali umerudi.

Zikabaki foleni. Webhuku zaidi ya milioni 5 na kazi 80,000 za kujenga tovuti za Pages zilikuwa zinangoja. Walipofungua bomba wakagundua kwamba webhuku zipatazo 200,000 zilikuwa zimepitisha umri wa kuishi uliowekwa ndani ya mfumo, zikatupwa. Wakasimama, wakauongeza umri huo, wakaendelea. Foleni ya mwisho ilikwisha saa 8:03 usiku.

Zile sekunde za mashariki

Data zilizoandikwa mashariki wakati wa kutengwa hazikutupwa. GitHub walizihifadhi kumbukumbu za MySQL zenye mabadiliko hayo na kuanza kuyapitia. Kwenye mojawapo ya klasta zenye shughuli nyingi zaidi yalikuwa 954. Baadhi yangeweza kuoanishwa na yaliyomo magharibi kwa programu. Mengine yalihitaji kuwasiliana na wenye nayo.

Angalia uwiano huo. Chini ya mabadiliko elfu moja kwa mojawapo ya klasta zilizobanana zaidi, dhidi ya siku nzima ya jukwaa linalotumiwa dunia nzima. Kuna watakaosema wangeyatupa tu. Anayesema hivyo aulizwe kama angesema hivyo hivyo kuhusu miamala 954 ya pesa za simu.

Walichobadilisha

Katika ripoti yao ya mwisho wa mwezi ule, hatua ya kwanza ya kiufundi ilikuwa fupi: kuipanga Orchestrator isipandishe cheo seva kuu kuvuka mpaka wa kanda. Orchestrator ina mipangilio ya kukataza jambo hilo, kwa kiwango cha kituo cha data au cha kanda, inayowekwa kwa mstari mmoja. Ukiiweka, umekubali kwamba kanda nzima ikizimika, mfumo utasimama hadi binadamu aamue. Watu wengi hawapendi kusikia hivyo, wakiwa wamenunua klasta ili wasiamshwe usiku. Lakini kwa programu ambayo haiwezi kuishi na hifadhidata ya mbali, kuhamia huko kiotomatiki ni kubadilisha ugonjwa mfupi kwa mrefu. Ningeuweka mstari huo hata kwenye klasta ya seva tatu.

Na halikuwa funzo geni kwao. Septemba 2012 walipata hitilafu ambapo zana ya kiotomatiki ya wakati ule iliihamisha seva kuu kwa sababu tu mzigo uliifanya ishindwe kipimo cha afya. Seva iliyopokea haikuwa na data yoyote kwenye kumbukumbu yake ya haraka, ikazidiwa papo hapo. Miaka sita kati ya matukio hayo mawili, na katika yote mawili aliyepandishwa cheo alikuwa hai lakini hakuwa tayari.

Hatua ndefu zaidi zilikuwa kuiwezesha huduma kuendeshwa kutoka vituo vingi vya data kwa wakati mmoja, ili kukosa kimoja kizima kusihisiwe na mtumiaji, na kuanza kuvunja vitu kwa makusudi kwenye majaribio ili kuona mfumo unajibu nini.

Kazi ya kugawanya hifadhidata zenyewe iliendelea pia. Klasta kuu ya zamani, iliyoitwa mysql1, mwaka 2019 ilikuwa inajibu wastani wa maswali 950,000 kwa sekunde, 50,000 kati ya hayo yakiwa kwa seva kuu peke yake. Hadi 2021 majedwali yaleyale yalikuwa yametawanywa kwenye klasta kadhaa, zikijibu kwa pamoja maswali 1,200,000 kwa sekunde, na mzigo wa wastani kwa kila mashine ulikuwa umepungua kwa nusu.

Namna walivyoyahamisha baadhi ya majedwali hayo inafaa isomwe pamoja na usiku wa 2018. Klasta mpya ilianza ikiwa mfuasi wa ile ya zamani. Mbele yake iliwekwa proksi ya ProxySQL, yaani programu ya kati inayopokea maombi na kuyaelekeza, na programu zikaunganishwa na proksi hiyo, ambayo kwa wakati huo iliendelea kupeleka maombi kwenye seva kuu ya zamani. Siku ya kuhama, seva kuu ya zamani ilizuiwa kupokea data mpya. Nafasi ya mwisho ya kumbukumbu zake ikasomwa. Klasta mpya ikangojwa hadi ifike nafasi hiyo hiyo, ikakatwa ufuasi, na ndipo proksi ikageuziwa kwake. Yote hayo yalichukua makumi ya milisekunde, na kwa njia hiyo waliwahi kuhamisha kwa mkupuo mmoja majedwali 130 yenye shughuli nyingi kuliko yote waliyokuwa nayo.